Maghala ya Kwihara: Habari za Tembe, Vinywaji na Mizigo katika Njia ya Unyanyembe

Kusini-magharibi ya mji wa Tabora, mwendo wa kilomita chache tu, lipo bonde la Kwihara lililozungukwa na vilima vya mawe, na katika bonde hilo imesimama nyumba ya udongo yenye paa la bapa. Nyumba hiyo ilijengwa upya katika karne ya 20 kwa kufuata umbo la ile ya zamani, nayo hujulikana kwa jina la Tembe la Livingstone. Mgeni aingiapo huonyeshwa mahali alipokaa Daktari David Livingstone mwaka wa 1872, hutazama kumbukumbu za safari zake, kisha huaga akaenda zake. Vyumba vya kuwekea mali havimshughulishi sana. Na kumbe vyumba vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa kiini cha nyumba. Watu wa Pwani hawakujenga Kwihara ili kuwapokea wasafiri wa Kizungu. Walijenga ili kuhifadhi nguo, shanga, masango na pembe za ndovu. Mtu aliyelielewa ghala la tembe ameielewa biashara nzima ya Unyanyembe, na asiyelijali, hata akizijua habari zote za wageni mashuhuri, bado amesimama mlangoni.

Makala haya yaeleza habari za maghala hayo: jinsi yalivyojengwa, vitu vilivyowekwa ndani yake, vinywaji vikiwamo, na hasa watu walioyajaza na kuyalinda. Majina ya watu hao hayakuandikwa mlangoni pa nyumba. Lakini lugha imehifadhi mengi yao, na katika jambo hili lugha yastahili kuulizwa kama shahidi.

Tembe na ghala lake

Tembe ni nyumba ya mraba au mstatili yenye ua katikati. Kuta zake ni za miti na udongo, au za matofali mabichi, nazo hujengwa nene. Paa halina mwinuko: boriti hulazwa juu ya kuta, juu ya boriti hupangwa fito, na juu ya fito hushindiliwa udongo. Upande wa nje hauna madirisha isipokuwa matundu madogo, na vyumba vyote hufungukia uani. Nyumba ya namna hii yawafaa wenye mali kwa sababu tatu. Mlango wa nje ni mmoja, basi mlinzi mmoja atosha. Paa la udongo halishiki moto upesi kama paa la nyasi. Na udongo mnene huzuia joto la mchana lisiingie, hata chumba cha ndani kikabaki na ubaridi wakati uwanja wa nje waungua kwa jua la Septemba.

Katika nchi za Ulaya watengenezao mvinyo huchimba vyumba ubavuni mwa kilima au chini ya nyumba, ili mapipa yakae katika ubaridi usiobadilika mwaka mzima. Unyanyembe hapakuwa na desturi ya kuchimba namna hiyo. Ubaridi ulipatikana kwa unene wa ukuta, na kazi ile ile ikafanyika juu ya ardhi. Lakini tembe lilikuwa na adui ambaye mlango hauwezi kumzuia, naye ni mchwa. Huyu hupanda kutoka chini ya sakafu, hupita ndani ya ukuta bila kuonekana, na mwenye mali hugundua habari zake siku anapoinua mzigo akakuta vumbi. Kwa hiyo ghala la tembe halikutaka kufungwa tu. Lilitaka mtu wa kulikagua kila mara, kuinua mizigo juu ya uchaga, kuipanga upya na kuihesabu. Ghala lisilo na mtunzaji halikuwa ghala.

Wenyeji wa nchi walikuwa na hifadhi zao kabla ya kufika watu wa Pwani. Wanyamwezi walibandua magome ya miti ya porini, wakayakunja kuwa mviringo, wakayashona na kuyatilia vifuniko. Chombo hicho huitwa lindo au kilindo, na ndani yake huwekwa nafaka na vitu vingine vya nyumbani. Kwa gome lilo hilo walitengeneza mizinga ya nyuki. Ufundi huu wa gome wapasa kukumbukwa, kwa kuwa utarudi mwishoni mwa habari hizi kwa namna isiyotazamiwa.

Mali, kodi na vita

Msafiri Richard Burton, aliyefika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857 pamoja na John Hanning Speke, aliandika kwamba Waarabu walikuwa wamehamia hapo mnamo mwaka wa 1852. Kazeh ndipo palipokuja kujulikana zaidi kwa jina la Tabora. Mwenyeji wake alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara wa kabila la Harthi, ambaye nyumba yake ilikuwa na maghala yaliyojaa na ambaye alimpa Burton habari nyingi za nchi na za lugha zake. Wafanyabiashara hao waliishi kwa idhini ya mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na wengine waliunga udugu naye. Baba yake Hamed bin Muhammed, aliyekuja kujulikana kwa jina la Tippu Tip, alioa binti wa Fundikira. Habari hizo zimo katika maisha ya Tippu Tip aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, ambayo East African Swahili Committee iliyachapisha tena pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950.

Fundikira alipofariki mwaka wa 1858 utemi ulimwendea Manua Sera. Huyu aliona mali ikipita katika nchi yake na kulala katika maghala ya wageni, naye akataka sehemu yake kwa kuitoza ushuru. Wageni walikataa. Matokeo yalikuwa vita. Manua Sera alifukuzwa katika kiti chake, Mkasiwa akawekwa badala yake, naye Snay bin Amir akauawa katika mapigano hayo. Manua Sera hakuacha kupigana mpaka alipouawa mwaka wa 1865. Vita hivyo huelezwa mara nyingi kuwa ugomvi wa kurithi utemi, na kweli ulikuwapo. Lakini shina lake lilikuwa swali moja: mali iliyowekwa katika ardhi ya mtemi, je, mtemi ana haki nayo au hana? Miaka michache baadaye Mirambo wa Urambo aliuliza swali lilo hilo kwa nguvu zaidi, naye aliifunga njia ya Ujiji.

Brandi ya Kwihara

Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871 akafika Unyanyembe tarehe 23 Juni. Alipewa tembe huko Kwihara kwa msaada wa Said bin Salim, liwali wa Sultani wa Unguja, mtu ambaye hapo kabla aliwahi kuongoza misafara ya Burton na Speke. Stanley aliingiza mizigo yake ghalani, na muda si muda akajikuta ndani ya vita. Mwezi wa Agosti Waarabu walimwendea Mirambo wakashindwa, naye akaja kuishambulia Tabora. Khamis bin Abdullah aliuawa na sehemu ya mji ikachomwa moto. Hapo tembe la Kwihara lilidhihirisha faida yake nyingine. Stanley alitoboa matundu ya bunduki katika kuta, akalitia maji na chakula, na nyumba ya mali ikawa boma.

Vita vilipopungua alizunguka kwa njia ya kusini akamkuta Livingstone Ujiji mwezi wa Novemba 1871. Alimpa mfuko wa barua uliotoka Unguja Novemba 1870. Karatasi zile zilikuwa zimekaa njiani na ghalani mwaka mzima. Siku hiyo ya kukutana Stanley alitoa pia chupa moja ya shampeni aliyoitunza kwa ajili hiyo, wakainywea katika vikombe vya fedha. Chupa ile ilikuwa imevuka mito, mbuga na Ugogo wote kwa vichwa na mabega ya watu ambao hawakuionja.

Tarehe 18 Februari 1872 wazee hao wawili wa safari walifika Kwihara pamoja. Livingstone alikuwa na mizigo aliyotumiwa na balozi wa Kiingereza wa Unguja, na sehemu yake ilikuwa imekaa muda mrefu katika ghala la liwali. Masanduku yakafunguliwa. Bunduki mbili nzuri zilikutwa zimeliwa na mchwa sehemu za mbao. Likaja sanduku la brandi. Chupa zilikuwamo, lakini brandi ilikuwa imekwenda, na penye vizibo palikuwa pameshindiliwa magunzi ya mahindi. Stanley, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1872, aliandika kwa mzaha kwamba mchwa walikunywa brandi kisha wakaziba chupa kwa magunzi.

Wasomaji wake walicheka, na mzaha huo umerudiwa mara nyingi. Lakini yafaa kuutazama kwa makini. Mchwa hawajui kuziba chupa. Gunzi limetiwa na mkono wa mtu. Mkono huo ulikuwa wa nani? Sanduku lilitoka Unguja kwa jahazi, likakaa Bagamoyo miezi mingi likingojea wachukuzi, likapanda bara kwa miguu, likawekwa Kwihara katika ghala la mtu mwingine, na kabla ya yote hayo lilipita mikono ya wauzaji na wapakiaji. Kila mahali palikuwa na kiu na palikuwa na giza. Mzaha wa mchwa wafanya kazi mbili kwa pamoja: wawatuhumu watumishi bila kuwataja, na kwa kutowataja wawanyima nafasi ya kujibu. Mwanahistoria hana ushahidi wa kumhukumu yeyote. Lakini ana haki ya kuona kwamba katika hesabu ile mwenye chupa ana jina, chupa ina jina la kiwanda chake, na waliobeba wamegeuzwa kuwa wadudu.

Vinywaji na majina yake

Kinywaji kile Stanley alikiita kwa lugha yake. Wachukuzi wake je? Neno lililokuwa tayari ni mvinyo. Asili yake ni Kireno, *vinho*, na lilifika Pwani pamoja na Wareno tangu karne ya 16. Kiswahili kiliipokea sauti ya *ny* bila taabu kwa kuwa kilikuwa nayo, kikaifanya irabu ya mwisho kuwa *o*, kikaliingiza neno katika ngeli ya *m-/mi-* kana kwamba lilizaliwa humo. Makamusi ya karne ya 19 yanaonyesha kwamba mvinyo haukuwa maji ya zabibu peke yake, bali kila kileo kikali cha Kizungu. Kwa hiyo chupa za Kwihara, ingawa zilitiwa brandi, zilikuwa chupa za mvinyo kwa Kiswahili cha siku hizo.

Neno la pili, divai, limekuja baadaye na kwa mlango mwingine. Asili yake ni Kifaransa, *du vin*, na hapa kijineno cha mbele kimemezwa pamoja na jina lenyewe, kwa kuwa msikilizaji wa Kiswahili alisikia neno moja, si mawili. Njia ya misafara ilikuwa na Wafaransa pande zote mbili: Mapadri wa Roho Mtakatifu waliweka makao yao Bagamoyo mwaka wa 1868, na Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka uo huo, walipita Tabora mwaka wa 1878 wakielekea maziwani, kisha wakafanya kazi Kipalapala karibu na Tabora katika miaka ya 1880. Ibada yao haiwezi kutimia pasipo maji ya zabibu. Basi divai iliingia bara kama kitu cha altare, na hata leo neno hilo lina harufu ya kanisa ambayo mvinyo hauna. Biblia ya Union Version ya mwaka wa 1952 inayatumia maneno yote mawili. Hivyo lugha moja imeweka ghalani mwake majina mawili ya kitu kimoja, kila moja na njia liliyopitia.

Ama wenyeji wa Unyanyembe hawakungoja chupa za wageni. Burton alieleza jinsi pombe ya mtama ilivyotengenezwa karibu kila mahali, na kwamba kazi hiyo ilikuwa ya wanawake: nafaka huloweshwa mpaka ichipuke, kimea hukaushwa na kusagwa, huchanganywa na uji, huchujwa na kuachwa ichachuke. Pamoja na hiyo kilikuwapo kinywaji cha asali kiitwacho wanzuki. Ndani ya jina hili lasikika neno la Kinyamwezi *nzuki*, ambalo ni ndugu wa *nyuki* wa Kiswahili. Kiswahili cha Pwani kimelishika neno la Kibantu kwa mdudu, lakini kwa mazao yake kimeazima asali kutoka Kiarabu. Kinyamwezi hakikuwa na haja ya kuazima kwa mdudu wala kwa mazao yake, kwa kuwa nchi yenyewe, pamoja na misitu yake ya miombo, ni nchi ya nyuki tangu zamani mpaka leo. Zabibu zilikuja kulimwa kwa wingi baadaye kabisa, tena si Tabora bali Dodoma, katika Ugogo ule ule ambao misafara iliulipia hongo ya maji. Habari za upanzi huo huanzia Misheni ya Bihawana katika miaka ya 1950.

Waliobeba

Ghala halijai lenyewe. Kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe msafara wa kawaida ulikwenda takriban miezi mitatu, na mnyama wa kubeba hakudumu kwa sababu ya mbung'o. Kila kitu kilichokuwamo Kwihara kililetwa na mtu. Mzigo ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na chakula cha mchukuzi, mkeka wake, sufuria na silaha. Nguo ziliviringishwa na kufungwa ndani ya mikeka kuwa mtumba mrefu wa kulala begani. Shanga zilitiwa mifukoni. Masango yalitundikwa ncha mbili za mti. Nguo nyeupe ya pamba iliitwa merikani kwa kuwa ilitoka Marekani, na nguo ya buluu ya Bara Hindi iliitwa kaniki. Mkono, shuka, doti na gora vilikuwa vipimo vya nguo na papo hapo hesabu ya fedha.

Wengi wa wachukuzi walikuwa Wanyamwezi walioajiriwa kwa ujira, na Burton mwenyewe alikiri kwamba kwao kwenda Pwani kulikuwa kipimo cha uanaume, si fedheha. Wengine walikuwa waungwana wa Unguja, na wengine walikuwa watumwa. Yatupasa kusema wazi kwamba nyumba zile zile zilizohifadhi nguo zilihusika na biashara ya watu. Ghala la Unyanyembe halina historia safi. Lakini si haki kuwachanganya wote kuwa kundi moja la mateka wasio na hiari. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa fundi. Alijua kufunga, kusawazisha, kukinga mvua na kugoma pia.

Ufundi huo ulionekana wazi mwaka wa 1873. Livingstone alikuwa ameondoka Kwihara tarehe 25 Agosti 1872 pamoja na watu waliotumwa na Stanley kutoka Pwani. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake pale pale, wakaukausha mwili kwa jua, wakaufunga kwa kitambaa, wakabandua gome la mti likiwa mviringo mzima, wakautia ndani na kuushonea turubai. Aliyewahi kuona lindo atautambua ufundi huo mara moja. Mwezi wa Oktoba walifika Kwihara, katika lile bonde walikotoka, wakamkuta Luteni Cameron. Cameron aliwashauri wauzike mwili hapo. Walikataa.

Walipofika Kasekera walipata habari kwamba watu wa mbele hawataruhusu maiti ipite. Basi walitoa gome, wakaufunga mwili upya kuwa mtumba wa nguo kama mitumba yote ya njia ile. Kisha wakafunga mabua ya mtama kwa umbo la maiti, wakawatuma wenzao wairudishe Unyanyembe kana kwamba inakwenda kuzikwa. Wale walipofika porini waliyatupa mabua wakaufuata msafara. Mzigo ulifika Bagamoyo Februari 1874, na mazishi yakafanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Jacob Wainwright alikuwapo kati ya waliobeba jeneza. Susi na Chuma hawakuwapo. Walifika Uingereza baada ya mazishi, wakamsaidia Horace Waller kuzitayarisha shajara za mwisho za bwana wao.

Watu hao ni wa jamii ile ile iliyosingiziwa pamoja na mchwa. Chupa za brandi zilipungua mikononi mwa watu wasiojulikana. Mwili wa mtu, pamoja na karatasi zake, ulifikishwa zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano na watu wanaojulikana. Mizani ya historia haina budi kupima vyote viwili.

Ghala la mwisho

Mwezi wa Januari 1893 Wajerumani, wakiongozwa na Tom von Prince, walilivunja boma la mtemi Isike, mwana wa Mkasiwa. Isike alipoona boma limeingiwa aliwasha moto ghala lake la baruti. Ndivyo ulivyokwisha uhuru wa Unyanyembe: vita vilivyoanza kwa ushuru wa maghala ya wageni vilikoma katika ghala la mwenyeji. Mwaka wa 1912 reli ilifika Tabora, na mzigo uliomchukua mtu miezi mitatu ukawa wa siku chache. Matembe yaliachwa, udongo wa mapaa ukanyeshewa, na mchwa wakamaliza boriti.

Ukuta wa Kwihara umejengwa upya, na ni vizuri kwamba umejengwa. Ila nyumba iliyojengwa upya hutunza umbo tu. Vilivyokuwamo viko mahali pengine: katika mvinyo na divai, katika merikani na kaniki, katika doti, frasila, hongo na wanzuki. Maneno mengine kati ya hayo yangali hai sokoni Tabora. Mengine yamebaki kwa wazee tu. Yanayobaki kwa wazee yaandikwe sasa, pamoja na majina ya vifundo, mafungu na sehemu za mzigo, kwa kuwa wachukuzi hawakuacha vitabu. Na siku mgeni atakapoingia katika tembe lile, aonyeshwe kwanza vyumba vya mali, na mbele ya jina la Livingstone atajiwe Susi, Chuma na Wainwright, na Wanyamwezi walioibeba nyumba nzima begani kabla haijaitwa kwa jina la mtu yeyote.